Nilimpeleka binti wa kaka yangu kwa washauri wa kazi pale Ngara, nyota 4 kati ya 5, na hizi ndizo sababu zangu

Nianze na bei juu najua ndiyo watu wanauliza kwanza. Ni 6,500 bob kwa mtu mmoja. Hapo unapata vikao vitatu, ile karatasi yao ya maswali, na siku nne za kuenda kukaa na watu kazini kwao, siku mbili mahali pamoja na mbili mahali pengine. Kuprinti ripoti ni 500 zingine na hiyo hawakusema mapema, nitairudia huko chini. Ofisi iko orofa ya tatu, lifti hakuna, kama umeshukia mjini unatembea tu unapita Globe unafika. Jina lao siliweki hapa kwa sababu nina mazuri na mabaya ya kusema na sitaki kumharibia mtu kazi, mwenye anahitaji kweli aniulize nimwelekeze.

Sasa kilichotupeleka. Binti wa kaka yangu alimaliza form four, akapata B minus, Kiswahili B plus, Kiingereza B, hesabu na kemia ndizo zilimvuta chini. Anakaa kwangu Umoja tangu matokeo yatoke. Babake anataka asomee uuguzi, na simlaumu, tangu serikali yetu iwekeane mkataba wa manesi na Uingereza mwaka wa 2021, halafu ukaja ule wa wafanyakazi na Ujerumani 2024, kila mzazi akiangalia mtoto wake anaona uwanja wa ndege. Mtoto mwenyewe naye anasema pasheni yake ni kuoka keki. Mwezi mmoja kabla ya hapo pasheni ilikuwa sheria. Kabla ya hapo ilikuwa kupaka watu mekapu. Na KUCCPS, wale wa serikali wa kupanga wanafunzi vyuoni, walikuwa karibu kufungua, ile ya kulipa 1,500 unachagua kozi, na watu wanajua kubadilisha baadaye kunawezekana lakini si kazi ya siku moja.

Sikumcheka. Mtu wa miaka 18 akikwambia ana pasheni tatu hakudanganyi, anakwambia venye anajisikia, shida ni kwamba neno moja tunalitumia kwa vitu viwili tofauti kabisa. Kuna kuvutiwa na kitu, na kuna kukipenda kiasi kwamba hata kikikuudhi unakirudia. Mimi nililipa miezi saba ya maisha yangu kujua hiyo tofauti, ndio maana nilikubali kutoa hizo pesa zote nikijua ni nyingi.

Kikao cha kwanza kusema ukweli kilinikasirisha. Tuliambiwa tufike saa tatu, tukaingia saa tano kasoro dakika kumi, benchi moja watu tisa. Tulipoingia kijana mmoja mwenye heshima zake akatupatia karatasi ya maswali, maswali mengi, unaweka alama kama ungependa kufanya kitu fulani ama hungependa. Ungependa kurekebisha mashine? Ungependa kufundisha mtu? Ungependa kupanga rekodi za ofisi? Hiyo njia imetokana na kazi ya mwanasaikolojia Mmarekani John Holland, alianza kuichapisha 1959, anagawa watu kwa mafungu sita: wa mikono na vyombo, wa kuchunguza, wa sanaa, wa kusaidia watu, wa kushawishi na biashara, na wa mpangilio na rekodi. Binti yetu akatoka wa watu kwanza, wa kushawishi pili, wa mpangilio tatu. Hiyo ya tatu ilinishangaza kwa sababu chumba chake nakiona kila siku.

Sina ubaya na hiyo karatasi. Inapima kitu cha kweli. Lakini inapima kinachokuvutia, hapo inaishia, na tena inategemea umeona nini maishani. Mtoto aliyekulia mahali hakuna maabara utamuuliza vipi kama angependa kazi ya maabara, atajibu kwa kukisia. Kuna swali la kukata nyasi na kutunza bustani nyumbani, sisi tunakaa ploti ya orofa tano, nyasi iko wapi? Hayo maswali walifaa kuyageuza yafanane na maisha ya hapa, waulize kuhusu kusimamia chama, kukaa dukani, kufunga hesabu ya M-Pesa jioni, kupanga harambee ya mtu amelazwa. Hapo ungejua mtu ni wa aina gani haraka sana. Na karatasi yote ilikuwa kwa Kiingereza. Nyota moja niliwatoa hapo.

Halafu yule kijana akasema kitu ambacho nusura kinitoe kwa kiti. Alimwangalia mtoto akamwambia, fuata pasheni yako, pesa zitakufuata. Nilinyamaza kwa heshima lakini moyo ulikuwa unadunda. Hayo maneno ndiyo yaliniingiza mahali mimi.

Wacha nieleze, na mtanisamehe kama ni ndefu. Mwaka wa 2014 nilikuwa karani wa hesabu kwa kampuni moja Industrial Area. Kazi niliiona ya kawaida tu, nilikuwa nimeipata kwa bahati. Kitu nilikuwa napenda, ama niliamini napenda, ni mitindo ya nguo. Jumamosi nikitoka kazi saa saba naenda Biashara Street kuangalia vitambaa, naweza kushika kitenge dakika kumi nikikigeuza, nilikuwa na daftari la michoro ya marinda limejaa. Nikaenda darasa la wikendi mara kadhaa, nikaambiwa nina jicho. Nikaacha kazi. Nikatoa akiba ya sacco, nikanunua cherehani na ovaloki, nikakodi kibanda. Kila mtu alinipongeza ati nimefuata moyo.

Mwezi wa kwanza ulikuwa mtamu. Wa pili nikaanza kujua kazi ya fundi wa nguo ni gani. Mtu analeta kitambaa mita mbili na nusu anataka gauni la mita nne. Unashona, anakuja kujaribu, kifua kinabana, unafumua. Kufumua! Unaketi na kiwembe usiku unatoa uzi mmoja mmoja, na kila nikifumua nilikuwa nachukia ile nguo, namchukia yule mteja, nachukia hata rangi niliyokuwa nimeipenda Biashara Street. Jirani yangu kibandani, mama wa makamo, alikuwa anafumua akiimba, kwa kweli anaimba, na akimaliza anainua ile nguo anaiangalia kama ndiyo mara ya kwanza. Nilimwangalia siku nyingi nikijiuliza huyu ana nini mimi sina. Nilikuwa navutiwa na vitambaa. Ushonaji wenyewe sikuupenda hata kidogo, na nilikuwa sijawahi kukaa nao muda mrefu kiasi cha kujua.

Lakini hii ndiyo sehemu niliielewa miaka baadaye. Katika ile miezi saba kuna kazi moja sikuwahi kuiahirisha hata siku moja, nayo ni vitabu vya kibanda. Hata nikiwa nimechoka namna gani, kila jioni niliandika mauzo, matumizi, nani amelipa nusu, uzi umebaki reli ngapi. Yule mama jirani akaniona akaniomba nimfanyie vyake, nikafanya, bila malipo, halafu wa viatu, halafu wa simu. Siku moja hesabu ya yule wa viatu ilikataa kuingiana kwa shilingi 40 tu, nikakaa nayo mpaka saa nne usiku na nilipoipata, ilikuwa nauli ya mzigo aliandika mara mbili, nilisikia furaha mpaka nikamwamsha kwa simu kumwambia. Wazee walisema mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Yangu yalikuwa yanakohoa kila jioni hapo mezani na mimi niko bize nalia na ovaloki. Niliuza mashine, nikarudi kazi, nikaanza mitihani ya CPA ya KASNEB, nikaimaliza nikiwa na mtoto mdogo. Uhasibu sikuuchagua kwa pasheni, nilianza bila hata intresti ya maana. Uliingia polepole kadiri nilivyoujua.

Kwa hivyo mtu akimwambia mtoto wangu fuata pasheni, nataka kwanza amuonyeshe venye ataitambua.

Hapo ndio kikao cha pili kiliniokoa imani. Tulipewa mama mmoja, mwalimu mstaafu, alifundisha sekondari miaka mingi, anaongea polepole na anakuangalia mpaka umalize. Kama mtaenda, ombeni huyo mama. Hakuuliza mtoto unapenda nini. Alimuuliza, niambie kitu kilikushinda, ukakasirika, ukakiacha, halafu ukakirudia mwenyewe bila mtu kukutuma. Mtoto alinyamaza. Mimi pia nilinyamaza juu lile swali lilinipata kifuani.

Halafu akaomba simu. Si kusoma meseji, hapana, ile sehemu ya mipangilio inayoonyesha umetumia masaa mangapi kwa nini. Wiki hiyo mtoto alikuwa ametazama video karibu masaa tisa, na akakubali mwenyewe nyingi ni za keki, watu wanapaka krimu, wanakata keki inatoka rangi. Mama akamuuliza, na umeoka mara ngapi mwezi huu? Hakuna. Akasema nyumbani hatuna ovena. Mama akamwambia taratibu, mwanangu, keki ya sufuria umewahi kusikia? Kwa sababu mitaani kwetu watu wanaoka kwa sufuria na mchanga ama na makaa juu na chini tangu zamani, na wengine wanauza. Hakumwambia kwa ubaya. Alimwambia kupenda kutazama kitu ni furaha halali kabisa, hata yeye anapenda kutazama mpira na hajawahi kupiga danadana, lakini usikipe jina la kazi mpaka mikono yako iguse.

Akampa daftari. Wiki mbili aandike kila jioni vitu alivyofanya bila kutumwa, ni muda gani, na wakati ilipochosha alifanya nini. Hilo swali la mwisho ndilo lenye kazi. Kuchoka kila mtu anachoka, hakuna kazi ya kila dakika tamu, sasa ukichoka ulienda wapi? Uliacha ukasahau, ama uliacha ukawa bado unaifikiria ukioga?

Alitueleza pia kuhusu utafiti wa 2018, wa Paul O'Keefe, Carol Dweck na Gregory Walton. Watu walionyeshwa video ya katuni kuhusu mashimo meusi ya angani, ikawafurahisha, kisha wakapewa makala ngumu ya sayansi juu ya kitu hicho hicho. Wale wanaoamini pasheni ni kitu kimekaa mahali kinakungoja ukipate ndio hamu yao ilishuka zaidi walipogonga ule ugumu, kuliko wale wanaoamini inakuzwa. Nilipenda sana venye alitumia hiyo, hakuitaja kutuonyesha amesoma. Alimwambia mtoto, ukingoja kazi ambayo haitawahi kuwa ngumu ukidhani ndiyo yako, utaacha kila kitu ukurasa wa pili. Akampa mfano wa Julius Yego, yule wetu wa mkuki, kwamba alianza kwa kuangalia video za YouTube kama vile yeye anaangalia za keki, lakini alikuwa anatoka anaenda uwanjani kurusha, anarudi anaangalia tena mahali amekosea, mpaka Beijing 2015 akarusha mita 92.72 akawa bingwa wa dunia. Video ni zile zile. Tofauti ni kwamba yeye aliinuka.

Na kuna onyo alitoa ambalo wazazi tunapaswa kulisikia pia, kwamba si kila pasheni ni ya kushangiliwa. Profesa mmoja wa Kanada, Robert Vallerand, yeye na wenzake mwaka wa 2003 walitofautisha aina mbili, ile unayoishika wewe, na ile inayokushika. Ya kwanza unaweza kuiweka chini ukala, ukalala, ukapokea wageni. Ya pili haikuachi, ukiikosa siku moja unaugua, ukishindwa unajiona si mtu. Mimi hapo nilimfikiria kijana fulani wa mtaani kwetu wa kutengeneza midundo, anakesha kwa kompyuta, ameuza mpaka godoro, na ukimuuliza anafurahia hawezi kukujibu. Tulikuwa tunasema ana pasheni. Sasa sina hakika tulikuwa tunamsaidia.

Baada ya wiki mbili tukampelekea yule mama daftari aliangalie. Siku za keki zilikuwa mbili, alioka mara moja kwa sufuria, ikaungua chini, hakurudia. Lakini kulikuwa na kitu mimi sikukiona na niko naye nyumba moja. Siku tano tofauti aliandika vitu kama "nilisoma ile barua ya landilodi mara tatu", "nilimwandikia mama wa chini malalamiko ya bili ya maji", "nilibishana na anti kuhusu depositi kama ni haki kuikata". Ni kweli tulibishana! Nilidhani ni ukaidi wa kawaida. Kumbe alikuwa ameenda kutafuta sheria ya nyumba za kupanga akaisoma, haikumwingia, akairudia kesho yake.

Yule mama hakuruka akasema haya wewe ni wakili. Alisema tu, twende tukaonje zote mbili.

Siku nne za kuonja ndizo zinafanya hii huduma iwe na thamani, mengine yote ungeweza kuyapata kwa mwalimu mzuri wa shule. Kwanza alipelekwa kwa waokaji, mahali padogo huku Eastlands, kazi inaanza saa kumi alfajiri. Alipima unga, akapaka mafuta kwa trei, akaosha trei, akaosha trei tena. Keki ya harusi aliiona siku ya pili saa tano, akaipiga picha nzuri sana. Alirudi nyumbani akiwa amechoka na cha kwanza aliniambia ni kwamba mguu unauma, cha pili ni kwamba wanalipwa kidogo. Kuhusu keki yenyewe hakusema kitu, hakuuliza kwa nini ile yake iliungua chini, na alikuwa amekaa siku mbili na watu wanaojua jibu.

Kisha akapelekwa ofisi ya wakili mmoja hapa mjini, chini ya karani wa hapo. Siku mbili nzima hakuona korti, msije mkadhani ni zile za televisheni na kelele za pingamizi. Alipewa furushi la karatasi za kesi ya shamba azihesabu na kuzipiga nambari moja moja, kurasa 212, halafu ziskeniwe zipandishwe kwa mtandao, kwa sababu korti za Nairobi zilihamia kupokea kesi kwa mtandao tangu Julai 2020. Kwa ukurasa wa 140 na kitu akagundua ameruka mmoja. Karani alikuwa ameenda lanchi. Hakuna mtu angejua mpaka siku ya kesi. Akafuta akaanza kutoka pale alipokosea, peke yake, na lanchi yake ikapita. Hiyo ndiyo ile fungu ya tatu, ya mpangilio, ambayo mimi niliitilia shaka, ikumbukwe.

Jioni hiyo hakuniambia amechoka na alikuwa amechoka, macho mekundu. Aliniambia, anti, wewe fikiria, watu wawili, shamba moja, kila mmoja ana hati na zote zina mhuri, sasa korti inaanzia wapi? Nikamuuliza ni akina nani hao. Akakataa kusema. Ati aliambiwa majina ya wateja hayatoki pale ofisini, na akanikazia macho. Huyu mtoto ambaye hana siri ya mtu, huyu! Nilienda jikoni nikasimama hapo kidogo.

Sasa, niwe mkweli, siku mbili ni kidogo sana. Waokaji wanaamka saa kumi, mtu yeyote ambaye hajazoea atachukia. Na karani wa pale kwa wakili alikuwa mtu mzuri, mwenye kueleza, na ni rahisi kumpenda mtu ukadhani umependa kazi yake. Hilo nililisema kwa kikao cha tatu na yule mama akalikubali bila kujitetea, akasema ndio maana hampi mtu jibu, anampa kitu cha kuenda kujaribu tena. Alimwambia mtoto, enda korti za Milimani, kesi za wazi mtu yeyote anaruhusiwa kuketi kusikiliza, enda siku ambayo hakuna mtu mzuri wa kukueleza, uone kama utarudi. Alienda Jumatatu, kesi ikaahirishwa kwa dakika nne. Akaenda Alhamisi tena kwa nauli yake, ile ninampa ya matumizi. Nauli ya Umoja mpaka mjini na kurudi, kisha kupanda huko Upper Hill, kwa mtu asiye na kazi ni pesa. Kwangu mimi mhasibu hiyo ndiyo rekodi naiamini, mtu ametumia pesa zake kwa nini wakati hakuna anayemwangalia.

Malalamiko yangu mengine, nisiyasahau. Ile 500 ya kuprinti ni makosa, mtu amelipa 6,500 mpe karatasi zake. Choo kimefungwa kwa kufuli na ufunguo uko na mtu wa orofa ya pili. Na la maana zaidi, hawaongei vya kutosha kuhusu pesa na alama. Shauku bila pointi za klasta, zile za masomo ambayo kozi inaangalia, ni kilio. Ilibidi mimi mwenyewe nichambue kwamba shahada ya sheria inataka C plus ya jumla na B plain ya Kiingereza ama Kiswahili, anazo zote mbili, lakini hicho ni kiwango cha chini tu na ushindani uko juu yake. Kwamba ni miaka 4 ya chuo, halafu Kenya School of Law kule Karen, halafu miezi 6 ya kukaa chini ya wakili ukijifunza, kabla hata uitwe wakili. Na karo ya huko mbele lazima mtu aanze kuifikiria leo, na HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, si zawadi, ni deni. Mzazi anayetoka hapo na ripoti nzuri bila hizi hesabu ametoka na nusu. Niliwaambia, yule kijana wa mapokezi akaandika chini, sijui kama watabadilisha.

Kwa nani naipendekeza. Kama mtoto wako amemaliza form four na ana majibu matatu kwa swali moja, mpeleke. Kama ni mtu mzima una kazi na unataka kuiacha kwa sababu ya kitu unakifanya wikendi, tafadhali enda kabla ya kuandika barua, na uombe zile siku nne kabisa, hata ukatumia likizo yako. Nimeona pia wazazi wa watoto wa gredi ya 9 wamejaa pale, juu ya hii ya kuchagua njia ya sekondari ya juu, kati ya sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, ama sanaa na michezo. Hapo mimi nina maoni yangu. Mtoto wa miaka 14 ama 15 usimuulize pasheni, unamfanya aseme uongo ili akufurahishe. Muulize kinachomvutia, umpeleke akione, akishike, kikimchosha umwache apumzike, na wewe uangalie kimya kimya anarudi wapi. Hiyo haihitaji 6,500. Mjomba mwenye gereji Kirinyaga Road anatosha kuanzia.

Na msitupe zile intresti zingine jamani. Keki hatujaiacha, Jumapili iliyopita alioka tena kwa sufuria, safari hii makaa alipunguza chini, haikuungua, tukala na chai na jirani. Ni furaha yake na iko sawa ikiwa furaha tu. Mimi pia bado napita Biashara Street nikishika vitenge.

Babake nilimpigia simu nikamsomea daftari lote, ukurasa kwa ukurasa, sikumpa ripoti. Alinyamaza muda mrefu kisha akauliza hiyo kesi ya hati mbili iliishaje. Nikamwambia mtoto wako hataki kusema.

Mkienda, endeni Jumanne ama Jumatano asubuhi, foleni ni fupi. Jumamosi wanafunga saa saba na yule mama huwa haji. Bebeni daftari lenu, la kwao wanauza 150 na ni lile la kawaida la kurasa 96.